Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: kuni za viwanda vya chai zinunuliwe kwa mkulima

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkulima mdogo wa chai katika Kaunti ya Murang'a, na kama wenzangu wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo wa Kenya, ni mwenye hisa katika kiwanda kinachosindika chai yangu. Gharama ya kuni huondolewa kabla bonasi, yaani malipo yetu ya mwisho wa mwaka, haijahesabiwa, kwa hiyo kila gogo linaloingia katika boila limenunuliwa kwa pesa zetu. Nakuandikia kwa sababu baadhi ya magogo hayo yalitoka shambani mwangu mwenyewe.

Karo ya binti yangu ilipodaiwa na bonasi ikiwa bado, nilimuuzia dalali mikaratusi yangu ingali na umri wa miaka minne tu. Aliikadiria kwa macho ikiwa imesimama, bila kamba wala mizani, nami nikakubali kwa kuwa shule haingojei. Siku chache baadaye nililiona lori lake langoni mwa kiwanda, magogo yakipimwa kwa mita za ujazo huku yakivuja utomvu. Niliiuza miti ile kwa bei ya dalali, kisha nikainunua tena kwa bei ya kiwanda.

Hasara haikuishia hapo. Karibu nusu ya uzito wa gogo bichi ni maji, na sehemu ya moto hupotea katika kuyakausha maji hayo badala ya kuzalisha mvuke wa kunyausha na kukausha chai. Kilo 1 ya chai kavu hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi, na chai ikishachachuka haina subira: lazima ikaushwe mara moja hadi unyevu ubaki karibu asilimia 3. Joto likishuka, ubora hushuka nalo, na mnada wa Mombasa hauulizi kama kuni zilikuwa mbichi.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, mashamba yetu ndiyo yaliyokimbiliwa. Mkaratusi hufaa kwa kuni baada ya miaka saba au minane, na kisiki chake huchipua tena bila kupandwa upya, lakini mkulima mwenye robo ekari ya miti hawezi kusubiri miaka yote hiyo bila senti mfukoni.

Kwa hiyo naomba wizara yako iweke kanuni itakayokitaka kila kiwanda kuingia mikataba ya kuni na wakulima wake tangu siku ya kupanda miche, kutoa malipo ya awali wakati wa karo, kununua kwa kipimo kinachoonekana na pande zote mbili, na kutochoma gogo ambalo halijakaa bandani hadi likakauka. Wakurugenzi nao watuambie katika mkutano mkuu wa kila mwaka kuni zimetugharimu shilingi ngapi kwa kila kilo ya chai kavu, kwani tarakimu hiyo mimi sijawahi kusomewa.

Najua mkaratusi una maadui, na hawakosei. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza uondolewe kandokando ya mito, na hata leo iko mingine inayokunywa vijito vyetu. Mikataba ninayoiomba iwatenge waliopanda mtoni, na hilo pekee litasaidia kuliko amri nyingi, maana mti usio na mnunuzi hakuna anayeupanda.

Mvua za masika huanza Machi. Miche ya kutosha itahitaji kuwa kitaluni miezi kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo jibu lako likichelewa, msimu mzima utatupita.

Wako mtiifu,
Mkulima wa chai, Kaunti ya Murang'a