Kivuli upande wa kushoto

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu umfikishie Mama. Mwambie visheti vyake vilikwisha hata kabla basi halijafika Segera.

Ama baada ya salamu, nina kisa. Mzee mmoja, mvuvi wa Sahare, alinijia na kikohozi kikavu cha miezi mitatu. Homa hana, jasho la usiku hana, mwili haujapungua. Nami, kwa mazoea yetu, nikaishika TB tu. Makohozi, tena aliyatoa kwa taabu, yakapimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kutafuta vijidudu vya TB: hakuna kitu. Picha ya kifua ikaonyesha kivuli cha mviringo, ukingo wake laini, kimegandamana na moyo upande wa kushoto. Nikaogopa saratani.

Aliyenizindua ni mzee mwenyewe. "Mwanangu, nikiinama kuvuta wavu pumzi inakatika. Nikisimama, inarudi." Shoga, tangu lini TB ikajali umeinama au umesimama?

Eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ikaonyesha kifuko ambacho damu haipiti ndani yake. Siti skani ndiyo iliyomaliza ubishi: ukuta mwembamba, dawa ya mshipani ya kung'arisha picha haikukiwasha, na kilichomo, kwa kipimo cha uzito cha siti skani, kinasoma karibu na sifuri, yaani maji matupu. Kifuko cha maji cha ngozi inayouzunguka moyo! Kwa makadirio ya vitabuni hutokea kwa mtu 1 katika 100,000. Wengi huzaliwa nacho, hakiwasumbui, kikaja kuonekana kwa bahati kwenye picha iliyopigwa kwa jambo jingine. Na mara nyingi hukaa kulia, pale moyo unapokutana na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Cha mzee kilikuwa kushoto, na kinamkohoza juu yake. Ningekijuaje?

Nilitaka kinyonywe kwa sindano tumalize. Daktari wa Dar akaniuliza kwanza: amewahi kuishi na mbwa na mifugo? Kumbe amekulia Handeni akichunga. Kifuko cha minyoo ya mbwa nacho hujaa maji vilevile, na ukikitoboa kikavuja, mgonjwa anaweza kukuzimikia mkononi. Sindano nikaisahau. Wakampasua, wakakitoa kizima. Kikawa cha maji maangavu, minyoo hamna.

Juzi ameniletea nguru mzima. Sasa kila mwenye kikohozi namwuliza, "Ukiinama je?" Wanafunzi wa mazoezi wananicheka.

Yule kijana wako wa Kaole mwenye kivuli kulia, mmeshampiga siti skani? Niandikie.

Wako,
Mwanaidi