Bagi inachemsha? Tuambie kwanza inachemsha lini

Mteja akitupigia simu kwamba bagi yake (gari dogo la wazi la kupita matopeni na porini) inachemsha, hatuanzi kuuliza ni ya kampuni gani. Tunauliza inachemsha lini. Ikipandisha joto ukitambaa kwenye matope au kilimani, halafu ikapoa ukipata njia nyeupe, hewa haipiti vizuri kwenye rejeta. Ikichemsha kwenye mwendo mkali au mzigo mzito, maji hayazunguki inavyotakiwa, au rejeta imeziba ndani. Na ikipanda dakika tano tu baada ya kuwashwa ikiwa baridi, fikiria thamostati (kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) iliyogoma kufunguka, hewa iliyonaswa kwenye mfumo, au lile ambalo hakuna anayependa kulisikia: gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha silinda na njia za maji, imeungua.

Anza na tope, kwa sababu halina gharama. Rejeta ya bagi nyingi iko mbele, mahali panapopokea kila kinachorushwa na matairi. Ukiitazama kwa mbele unaweza kuapa kuwa ni safi. Mulika tochi kutoka upande wa feni: mwanga usipotokeza mbele, vibati vyembamba vya rejeta vimejaa udongo uliokauka. Fungua feni, mwagia maji ya mpira wa kawaida kutoka nyuma kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ya hewa. Acha udongo uloweke dakika 10, rudia mpaka maji yatoke masafi. Mashine ya presha iweke mbali. Inalaza vibati, na kibati kilicholala huzuia hewa sawasawa na tope ulilotaka kulitoa.

Feni ikiwa imeshatoka, ipe umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu, ni nzima, na tatizo lako liko kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowasha feni), waya au sensa ya joto. Ikizunguka kwa uvivu, ibadilishe. Ukishairudisha, shika karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa inafanya kazi. Kwenye bagi nyingi feni huvuta hewa kuja nyuma, kwa hiyo karatasi inatakiwa inate. Ikipeperushwa, kuna mtu aliunga nyaya kinyume, na feni inashindana na upepo wa mwendo.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa mno. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Mchanganyiko wa kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji nusu kwa nusu hufika takriban 107. Mfuniko wenye alama ya 1.1 hushikilia presha ya takriban bar 1.1, na kiwango hicho cha kuchemka kikapita 120. Mpira wake ukikauka, presha inatoroka na kulanti inachemka kwenye joto ambalo mfumo mzima ungelimudu. Ukikuta chupa ya akiba imejaa na hosi zimebonyea injini ikiwa imepoa, mfuniko haurudishi kulanti ndani. Badilisha kwa wenye alama ileile.

Sasa hewa iliyonaswa kwenye mfumo. Kwenye bagi nyingi injini iko nyuma, rejeta iko mbele, na kati yao kuna hosi ndefu zinazopita chini ya sakafu. Zikague kama jiwe halijazibana. Baada ya kumwaga kulanti, pandisha pua ya bagi mpaka mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine zote za mfumo. Jaza polepole. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa karibu na thamostati, ilegeze mpaka kulanti itoke bila povu, ukaze. Washa, iache isailensi bila kukanyaga mafuta, minyaminya hosi, ongeza kila kimo kinaposhuka. Hosi ya upande wa pili wa thamostati ikianza kupata moto, thamostati imefunguka: funga mfuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, zima injini, kisha kagua kimo ikishapoa kabisa.

Thamostati unayoitilia shaka itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse kitako, kisha pasha maji moto. Kama imegongwa 82, ianze kufunguka karibu na hapo.

Gasketi ina dalili ambayo haidanganyi sana. Washa injini iliyolala usiku mzima na ushike hosi ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja, maji bado hayajapata joto la kuleta presha hiyo. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye njia ya maji. Mapovu yasiyokoma mdomoni mwa rejeta na oili yenye rangi ya maziwa vinathibitisha.

Kwa vimiminika, changanya kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi!). Maji ya bomba huacha utando wa chokaa ndani ya rejeta. Usichague kulanti kwa rangi; soma kitabu cha bagi, kwani aina mbili zisizopatana zinaweza kuganda kama uji. Oili ya injini ikipungua joto hupanda pia, maana nayo hubeba sehemu ya joto hilo. Ipime bagi ikiwa sehemu tambarare.

Difu na breki hazihusiani na kuchemsha, lakini vimiminika vyake navyo usivisahau. Ukivuka maji yaliyofika juu ya ekseli, acha bagi itulie, kisha legeza kidogo bolti ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwamo yatatoka kwanza. Yakitoka, mwaga oili yote na utafute mpira wa kupumulia uliochomoka au kupasuka. Oili ya breki ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi 155. Ibadilishe kila miaka 2.

Ikikuchemkia porini, simama. Kama kulanti ipo na feni inazunguka, iache isailensi dakika moja au mbili. Ukiona mvuke unafoka, zima papo hapo. Mfuniko usiuguse mpaka uweze kushika hosi ya juu kwa mkono mtupu bila kuungua, na usimwagie injini ya moto maji baridi. Silinda hedi ya alumini hupinda.

Ukiileta karakana, ilete bila kuiosha, ikiwezekana jioni. Tope linatuonyesha hewa inapokwama na kulanti inapovuja, na kipimo cha gasketi tunakifanya asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa.