Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gogo la Mti Gani?

Ndugu wanachama,

Daftari letu la uyoga wa Amani, msitu wa hifadhi katika milima ya Usambara Mashariki, lilikuwa na kasoro moja kubwa. Kila ukurasa uliandikwa "umeota kwenye gogo". Gogo la mti gani? Mwaka huu tulikubaliana kwamba asiyeutambua mti, kwa gome, kwa jani au kwa kuwauliza wazee wa kijijini, asiandike kitu. Kazi ilikwenda polepole, ila sasa daftari linasomeka.

Uyoga uitwao Schizophyllum hauchagui mti. Tuliufuatilia kwenye tawi la mwembe lililoanguka kando ya njia. Kiangazi ulikuwa mdogo kama ukucha, mkavu, una manyoya meupe, ungedhani umekufa. Mvua za vuli zilipoanza, mikunjo ya chini, ambayo kila mmoja umepasuka katikati, ikafunguka tena. Nilipiga magoti pale hadi suruali ikalowa. Pycnoporus, ule mwekundu kama pilipili, hupenda gogo linalopigwa na jua. Ukiukuta ndani ya msitu, tazama juu, utaona pengo kwenye matawi. Auricularia, wenye umbo la sikio, tuliuona zaidi kivulini, kwenye miti laini iliyokwisha kulowa.

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Wapo wanaotaka magogo yaliyooza yaondolewe msituni ili "pasafishwe". Napinga kabisa. Uyoga huu ndio unaovunja ubao mgumu na kuurudisha kwenye udongo. Gogo likiondoka, nao hauna pa kuota. Shamba la chai ni habari nyingine. Armillaria, uyoga unaoozesha mizizi ya miti hai, hubaki kwenye visiki vya msitu uliofyekwa na huhamia kwenye chai pale mizizi inapogusana. Huko, ng'oeni visiki pamoja na mizizi yake.

Hesabu za fedha ziko kwa mhazini. Nawakumbusha pia kwamba ndani ya hifadhi tunapiga picha tu, hatuchumi, na hakuna anayeonja uyoga kwa kutegemea daftari letu.

Mwakani naomba tuushughulikie musizi, mti mgeni uliopandwa Amani enzi za Wajerumani na ukasambaa wenyewe msituni. Nataka tujue ni uyoga gani umekubali kuota juu yake, na upi bado unangoja miti ya asili. Masika yakianza, tukutane kwenye lango la hifadhi, kila mtu na kalamu ya risasi. Ya wino hulowa.

Mwenyekiti wenu