Barua kwa wanangu mnaotoka asubuhi na bahasha ya kaki

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa kaeni niwaseme, ninyi mliohitimu na bado hamjapata kazi.

Jumanne iliyopita nilikuwa uani nachambua mchicha, simu ikalia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua: fulani bin fulani amekuandika wewe kuwa mtu wake wa karibu, ni mdaiwa, mwambie alipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo picha yake itasambazwa. Jina nililijua. Nilimfundisha kusoma mtoto yule, na kwao ni barabara ya pili kutoka kwangu, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Nikadhani nimeletewa peke yangu. Kumbe ujumbe ulikwenda kwa kila aliyemo kwenye simu yake: imamu, shangazi zake, fundi cherehani, na babake mzazi.

Mtaa mzima tulijua ana kazi. Miezi mitano alitoka nyumbani saa moja kamili, shati limenyooshwa, viatu vimepigwa kiwi, bahasha kwapani. Mwisho wa mwezi alimpa mamake shilingi 100,000 na babake 50,000. Wazee wakamwombea dua. Kazi haikuwepo. Alikuwa akikaa kwenye bustani kule karibu na bandari, anahama na kivuli mpaka alasiri, kisha anarudi nyumbani amekunja uso kama mtu aliyechoshwa na bosi. Na ule mshahara aliukopa kwenye programu za simu, deni la programu hii analilipa kwa mkopo wa programu ile. Kausha damu, mnaziita wenyewe. Benki Kuu ilizitaja 69 kwa majina mwaka 2024 kwamba hazina kibali, lakini mwenye shida hasomi tangazo.

Nikamwita, nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, si ulikuwepo kwenye hitma?"

Nilikuwepo. Hitma ya babu yake, watu tuko kwenye sinia za pilau, babake akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Digrii ya huyu nimeitundika ukutani, angalau inaziba ufa." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kijana alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Akaendelea kupitisha.

Kwa hiyo nimekasirika, na hasira yenyewe haijui ianzie wapi. Nianze na ninyi, maana ndio mtakaoisoma barua hii. Wazee wenu watasomewa.

Mmejifunza kuwadanganya wazazi mkidhani mnawapumzisha. Mwingine anasema "nimeitwa usaili" wakati hajaitwa. Mwingine anasema "wameniambia nisubiri simu" wakati hajaomba. Mwingine hasemi chochote, anajifungia chumbani mpaka saa sita, mama akigonga anajibu kwa mguno. Huo mguno ndio unaoleta maneno ya hitma. Mzazi asiyeambiwa kitu hutunga mwenyewe, na siku zote anatunga uvivu.

Hebu mfahamuni mzazi wenu. Mimi nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1978. Azimio la Musoma lilikuwa limepita, watoto wote waingie darasani, na serikali inatafuta walimu kwa tochi. Sikuomba kazi. Nilipangiwa. Barua ilikuja na jina la shule na jina la wilaya, nikafunga sanduku. Ndiyo historia yangu yote ya kutafuta ajira, mistari miwili. Babake yule kijana aliingia kiwandani, enzi zile Tanga inaamshwa na king'ora, kwa kusimama getini asubuhi tatu mfululizo. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie "nimeomba mtandaoni, nasubiri", unadhani anasikia nini? Anasikia mtu aliyelala.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kitinda mimba wangu alimaliza shahada ya ualimu, akakaa nyumbani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamsema. Nikamwambia wenzako wanakwenda kuonana na watu. Nikampa nauli aende Dar kwa mjomba wake, akarudi na nauli haikutosha, na mjomba hakuonekana. Jioni moja umeme umekatika, akaja akakaa nami mkekani na simu yake. "Mama, hebu njoo uone ninachofanya mchana." Akanifungulia ule mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira. Akanionyesha palipojazwa namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, barua ya maombi yenye saini. Kisha akateremka chini: orodha ya maombi aliyotuma. Nikahesabu kwa kidole. Ishirini na saba. Kila moja na tarehe yake. Nyingine zina tarehe za siku nilizomwita mvivu.

Akanieleza kwamba usaili una hatua: mchujo wa kuandika, wengine wanafanya wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Kwamba unaweza kufaulu zote na nafasi zikawa zimejaa, jina likawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya kungoja. Nikauliza, walimu mko wangapi? Mapema 2025 walioitwa kwenye usaili wa ualimu walizidi 200,000, nafasi 14,648. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na sita, hiyo sikuhitaji chaki.

Tangu siku ile sijamsema. Ninamwuliza, "Leo umepeleka wapi?" Bado hajapata. Anachapa na kudurufu kwenye duka la steshenari, na nauli za kwenda kwenye usaili anajilipia mwenyewe.

Basi fanyeni hivyo. Usimweleze mzazi, mwonyeshe. Mkae chini, mfungue simu, aone orodha, aone tarehe, akushikie karatasi ya ratiba. Hasomi vizuri? Msomee. Mzee mkali? Anza na mama, au na shangazi anayesikilizwa. Na mweleze mapema hata mambo ya siku ya kupata, maana fedheha nyingine inakuja hapo: kwamba kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi kabla hujaugusa. Mzazi asipolijua hilo, mwezi wa kwanza tu atakuuliza bati ziko wapi.

Mengine nayataja mbio, mnayajua. Asiyekuwa na kazi huamka kabla ya mwenye kazi. Osha vyombo, chota maji, usingoje kuambiwa. Atakayekuomba hela akupatie kazi ni mwizi, hata akija na picha ya pamoja na mheshimiwa. Usikope ili uonekane. Na binamu yako aliyepata, mpongeze, usimkimbie.

Wazee wenzangu, nanyi mnasomewa, msijifanye usingizi umewashika. Tulipangiwa kazi na serikali, sasa tunawatukana watoto kwa kutopangiwa. Tuliuza shamba wasome, sawa, lakini mtoto si kiroba cha mahindi kwamba bei ikipanda tunapeleka sokoni. Na huko maofisini nako kuna jambo la kuhojiwa: tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu aliyehitimu Novemba. Mwalimu anaombwa "ajitolee" shuleni, anafundisha vipindi ishirini kwa wiki, analipwa chai na andazi, nafasi ikitoka anaambiwa ashindane kama mgeni. Hilo ni jambo la kusemwa msikitini na kanisani. Vyeti ukutani havijamkosea mtu.

Nirudi kwa yule kijana wa bahasha. Babake hajamsemesha tangu Jumanne. Chakula anakiacha mezani kimefunikwa, kwa hiyo hajamfukuza, na mimi hilo nimelishika kama ushahidi. Nimekwenda kumwona mzee, tumekunywa kahawa barazani, tukazungumza bei ya nazi, habari ya mtoto hatukuigusa. Nilipoinuka akaniuliza, "Mwalimu, hivi ni kweli siku hizi barua haziletwi?"

Jumamosi baada ya alasiri nakwenda na kijana. Ataanza na deni, kiasi chote, programu kwa programu. Halafu orodha ya maombi. Nimemwambia aje simu ina chaji na bando, maana mzee yule atataka kuonyeshwa mara mbili.

Mwalimu wenu mstaafu,
Ngamiani, Tanga