Barua kwa binamu yangu wa Ontario, kabla hatujanunua mafuta ya ndege

Binamu,

Ile sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo, ukitaka tuchangishe pesa za ndege ya kubeba wagonjwa wetu bure, tuliisikiliza wote, na Mzee akaomba irudiwe pale unaposema rubani anampeleka mgonjwa hospitali bila kumtoza hata senti. Akauliza, "Na huyo rubani anakula nini?" Nikaahidi kukujibu kwa maandishi. Naandika hadharani kwa sababu nusu ya watu wa Arua, Koboko na Yumbe, huku West Nile ya Uganda, wana ndugu huko nje mwenye wazo kama lako, na mimi sina nguvu ya kumjibu mmoja mmoja.

Wazo lenyewe nimelipenda, nisikudanganye. Nimesoma habari za Angel Flight walioanza California mwaka 1983, na Hope Air ya huko kwenu Kanada, ya mwaka 1986. Kwa Angel Flight, mtu ana ndege yake ndogo, ana leseni, na kuruka ndiyo starehe yake. Basi badala ya kuruka Jumamosi kwenda kunywa kahawa mji wa jirani, anambeba mtoto mwenye miadi na daktari. Mafuta ni yake, muda ni wake. Ila ukisoma masharti yao utaona hiyo si ambulensi: mgonjwa asiwe wa dharura, aweze kupanda na kukaa kitini kama abiria yeyote. Tena nyuma ya wema huo kuna nchi zenye viwanja vya ndege hadi vijijini. Marekani peke yake ina viwanja vya umma zaidi ya 5,000, na mwenye duka au mwalimu mstaafu anaweza kuwa na ndege yake. Kwetu mwenye gari aina ya Noah anaitwa bosi. Vijana wanaosomea urubani Soroti, kwenye kile chuo kilichoanzishwa mwaka 1971, wanatafuta ajira. Huwezi kuwaomba sadaka ya mafuta.

Sisi tuna ndege za mashirika. Unazikumbuka Cessna za MAF tulizokuwa tukizipungia mikono utotoni. Ni shirika la Kikristo, limefanya kazi Uganda tangu 1987, kituo chao kiko Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe. Ile Cessna yao aina ya Caravan ina injini moja, inatua kwenye kiwanja cha murramu, na viti vikitolewa machela inaingia. Hubeba madaktari, wamisionari, wafanyakazi wa misaada, na wagonjwa pia, kwa nauli iliyopunguzwa na michango ya watu kama wewe. Imepunguzwa, haijafutwa. Mafuta ya ndege hayajui dini.

Halafu kuna Flying Doctors, madaktari warukao wa shirika la afya la AMREF, kule Nairobi. Walianza mwaka 1957, na Michael Wood na wenzake wawili walioanzisha kazi hiyo walikuwa wapasuaji. Wazo lao lilikuwa kinyume cha lako: daktari ndiye apande ndege amfuate mgonjwa. Hilo naomba ulitafakari usiku ukiwa umetulia, kwa sababu daktari mmoja akitua Matany au Kaabong, kule Karamoja, na vifaa vyake, wapo wagonjwa ambao hawatahitaji kusafiri kabisa.

Lakini tumchukue mgonjwa wa aina tunayemjua. Mama wa Maracha, ana miaka arobaini na kitu, ametoka damu miezi mingi akinyamaza kwa aibu. Hospitali ya rufaa ya Arua wanampima na kuona saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa kuua wanawake Uganda. Anaandikiwa karatasi ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani, pale hospitali ya Mulago, Kampala. Wewe unamwona tayari yuko hewani, saa moja na kitu ameshatua. Sawa. Ametua Kajjansi. Sasa anahitaji gari la kumpitisha kwenye jam hadi Mulago, na akifika anaambiwa mionzi hupewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, na baadaye kuna mionzi ya ndani. Kila mara anapopigwa mionzi ni dakika chache. Dakika hizo chache ndizo zinazomfunga Kampala zaidi ya mwezi.

Analala wapi? Kwa shemeji yake Bwaise, chumba kimoja, watu sita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa wa saratani jembe halimfai, na huyo shemeji naye hana shamba, ana kodi ya nyumba. Wiki ya pili maneno yanaanza. Wiki ya tatu mama anasema anajisikia nafuu, anapanda basi la usiku, anarudi Maracha na mionzi iliyokatika katikati. Mionzi iliyoachwa nusu si nusu ya tiba. Ugonjwa unapata nafasi ya kurudi, na madaktari hawawezi tu kuendelea pale alipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na hajaenda peke yake. Wewe umekaa huko miaka mingi, labda umesahau: kwenye hospitali zetu kubwa mgonjwa bila mtu wa kumuuguza ni nusu mgonjwa, nusu yatima. Nani atamfulia? Nani atapika posho, atapanga foleni ya dawa, atakimbia kununua glovu zilizokwisha wodini? Huyo muuguzaji anakuja na mkeka, beseni, jerikeni na sufuria. Ndege ndogo inapima kila kilo, pamoja na kilo za huyo mtu na beseni lake. Kwa hiyo ukiniambia umepata kiti kimoja, mimi nasikia hujapata safari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwenye ile sauti yako halimo kabisa, nalo ndilo swali la kwanza linaloulizwa chini ya mwembe. Akifa huko?

Usigune. Nimekaa kwenye vikao vya familia ambapo rufaa ilikataliwa kwa hesabu hiyo tu, na waliokataa hawakuwa wajinga wala makatili. Kumpeleka mgonjwa Kampala ni nauli ya basi. Kumrudisha maiti ni kukodi gari la peke yake kwa karibu kilomita 500, na mochari, na jeneza, na chakula cha watu watakaoisindikiza. Ng'ombe anauzwa, wakati mwingine kipande cha ardhi. Sisi tuliozaliwa kwenye nyumba za Kiislamu tuna nafuu kidogo, mtu wetu akifia Kampala tunaweza kumzika siku hiyohiyo Bombo kwa ndugu, tukasoma dua huku nyumbani. Jirani yetu Mlugbara hawezi kumwacha mama yake kwenye udongo wa watu wengine. Kwa hiyo wazee wanapima: nafasi ya kupona hii, gharama ya kurudi ile, na watoto waliobaki bado wanasoma. Wanaamua afie nyumbani. Leta ndege ya bure asubuhi, injini inanguruma, bado watakataa, kama ndege hiyo haina ahadi ya kurudi.

Mwaka 2016 nchi nzima ililiona jambo hili. Mashine pekee ya mionzi ya Mulago ilikufa, ya kobalti, iliyokuwa imefanya kazi tangu miaka ya tisini. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400 bure. Bure! Lakini wiki nzima watu hawakuwa wakiuliza habari za tiba, waliuliza nani atalipa usafiri, nani atalipa pa kulala. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, na katikati hapo wenye pesa walikwenda Nairobi au India, na wengine tuliwazika.

Sisemi ndege haina kazi. Mvua ikikata barabara za Karamoja, hakuna ubishi. Aliyevunjika uti wa mgongo hawezi kurushwarushwa kwenye mashimo usiku kucha. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024, mabasi yetu yakizungushwa kwa miezi kadhaa, kila mtu wa West Nile alitamani mabawa. Ila hata hapo daktari aseme kwanza. Ndege ndogo nyingi hazibani hewa ndani kama ile kubwa iliyokupeleka Toronto. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na gesi iliyonaswa mwilini hutanuka. Mwenye pafu linalovuja hewa, au aliyepasuliwa tumbo juzi, anaweza kuzidiwa angani. Mwenye upungufu mkubwa wa damu pia, na wewe unajua malaria na selimundu zinavyowamaliza damu watoto wetu. Huruma ya rubani haitoshi hapo.

Kuna daktari mmoja ninayemtaja kila ninapobishana na watu wa misaada. Benjamin Warf, Mmarekani, aliyefanya kazi hospitali ya CURE ya Mbale miaka ya mwanzo ya 2000, akitibu watoto wenye maji kichwani. Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji, na mrija huziba. Ukiziba mtoto anahitaji kupasuliwa haraka. Mtoto wa Boston atafikishwa hospitali. Wa wilaya ya Moyo, huku kwetu, je? Basi Warf akaunganisha njia mbili za upasuaji kwa kamera ndogo, ili watoto wengi waishi bila mrija kabisa. Huyo hakununua hata tairi la gari, lakini alifikiria barabara ya kurudi kuliko wengi wanaonunua magari.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu, na Mzee ameyakubali, ingawa bado hajaridhika kuhusu chakula cha rubani. Hizo dola unazokusanya msikitini na kazini kwako tuzifanye mfuko wa safari nzima. Kwanza kabisa tukodi vyumba viwili vya mwaka mzima karibu na Mulago, vyenye jiko, ili mgonjwa na muuguzaji wake wasilale kwa shemeji wala kwenye veranda. Nauli za basi za watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na zile tarehe za kurudi kupimwa ambazo kila mtu huzisahau. Simu ipigwe kabla ya kuondoka kuuliza kama mashine inafanya kazi na daktari yupo. Na kuwe na fungu lisiloguswa, linaloandikwa waziwazi kwenye karatasi ya kwanza ambayo familia itasaini: mtu wetu tutamrudisha, akiwa anatembea au akiwa amebebwa. Nakuhakikishia hilo fungu litawapandisha watu basi kuliko picha ya ndege. Kiti cha ndege tukinunue pale tu daktari atakapoandika kwamba barabara itamuumiza, na tununue viwili.

Najua picha ya mama anayepanda ndege inachangisha vizuri kuliko picha ya chumba cha Kawempe chenye jiko la mkaa. Hilo tatizo ni lako, wewe ndiye mwenye maneno matamu. Waambie watu wako kwamba hata huko Kanada wanaosaidia wagonjwa wa mbali wamejikuta wakishughulikia pia pa kulala na chakula, halafu waulize kwa nini sisi tuanze na ndege pekee.

Jibu lako liandike hadharani ili na wengine wasome. Lakini kiasi mlichokwisha kukusanya nitumie kwa simu, na jina la atakayeshika pesa upande wa huko, kabla ya kikao cha Jumapili.