Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, assalaam aleikum.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kamati vimefanyika, mbegu za ufuta zimegawiwa, misiba tumeshiriki, ghala limepakwa chokaa. Nisiwachoshe.

Mwaka huu umeliwa na maji ya Aprili. Mpunga uliokuwa unatoa masuke ulizama wote bondeni mwa Mto Rufiji, na mahindi vilevile. Wilaya za Rufiji na Kibiti ziliumia pamoja. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua zimeua watu 155 nchini na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Mwezi Mei kimbunga Hidaya kikaja kututonesha kidonda. Wako wanaosema ni bwawa la umeme la Nyerere huko juu ya mto, wako wanaosema ni El Nino. Kamati yenu haikuchaguliwa kuamua hilo.

Sasa nije kwenye maneno ya vibarazani, kwamba Mwenyekiti kachukua fedha za pampu akawapa vijana wake wakaandike kina cha maji ya mafuriko. Fedha ni shilingi 420,000: mtumbwi, madaftari, rangi na chakula cha vijana watatu. Mmoja ni mpwa wangu, sikatai. Nitajieni mwingine aliyejitokeza kupiga kasia mle kwenye mamba. Na hiyo pampu, mwezi wa Aprili, ingemwagilia nini?

Kila jioni vijana walipiga mstari wa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ghala na kuandika tarehe pembeni. Mstari wa juu kabisa unanifika kifuani, nendeni mkausimamie. Kisha wakapita dungu kwa dungu, vile vibanda vyetu vya mashambani, wakiandika jina, eka, zao na kilichopotea. Mafuriko ya 1968 ndiyo yaliyofanya Serikali iwahamishe wazee wetu kutoka bondeni. Ulizeni leo maji yale yaliishia wapi hapa kijijini, kila mzee atawaonyesha mwembe wake. Hakuna aliyeandika. Safari hii tathmini ya hasara ilipoanza, orodha yetu ilikuwa tayari, na ni mimi niliyeipeleka kwa Mtendaji, kwa miguu, barabara ikiwa bado tope. Waliokosekana humo ni wale waliowaambia vijana, “Andikeni mtakavyo.” Wasinililie mimi.

Kuhusu ada: wanachama 86, waliolipa 31. Mkutano wa Agosti uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Lakini siku ya mbegu za msaada uwanja ulijaa, hata sura tusizozijua zilikuwapo. Waliowahi mlau, kilimo cha kwenye unyevu wa mafuriko, maji yalipopungua wamevuna kunde na mahindi, kwa hiyo kisingizio cha mafuriko hakimhusu kila mtu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kusimamisha nguzo ya kupimia maji, kununua pampu, na ikiwezekana kuangalia suala la ufugaji wa samaki. Kamati italifanyia kazi.

Mweka Hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Tafadhali mpitie kabla ya chakula.