Walivyoondoka wenyeji wa huku

Bremen, Ujerumani, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi na watoto hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu huko Tanga. Ujumbe wako wa sauti niliusikia, na pale uliposema Wazungu wanatuona sisi ndio tuliozaliwa na miguu ya kuzurura, nilicheka peke yangu jikoni. Ngoja nikupe habari za hao wenyewe.

Juzi nilikwenda Bremerhaven, si mbali na hapa kwa treni. Bandari ile ilianzishwa mwaka 1827 kwa sababu mto Weser ulikuwa unajaa mchanga na meli kubwa hazifiki Bremen. Kuanzia 1830 hadi 1974 walipandia meli pale watu zaidi ya milioni 7 kwenda ng'ambo, wengi Marekani. Wajerumani kwanza, baadaye Wapolandi na Wayahudi wa Urusi. Leo kuna makumbusho yao. Ukiingia unapewa kadi yenye habari za mtu mmoja aliyesafiri kweli, unafuata nyayo zake chumba kwa chumba.

Usidhani walikuwa wenye nazo. Kusini-magharibi, Baden na Württemberg, mzee akifa shamba linagawanywa kwa watoto wote, mpaka wajukuu wanabaki na ukanda wa kupanda viazi tu. Miaka ya 1840 viazi navyo vikaoza kwa ugonjwa. Sehemu nyingine fukara haruhusiwi hata kuoa mpaka aonyeshe mali ya kulisha familia. Wayahudi wa Bavaria waliwekewa kikomo cha kaya katika kila mji. Kijana Levi Strauss wa Buttenheim akaondoka na mama yake na dada zake. Hizo jinzi za Zuhura, shoga, asili yake ni huyo. Na kuna halmashauri za vijiji zilizowalipia maskini wao nauli ya meli, maana kuwasafirisha kulikuwa nafuu kuliko kuwalisha. Hapo ndipo paliponichoma.

Meli zilikuwa zinaleta tumbaku na pamba kutoka Marekani, zikirudi karibu tupu. Wafanyabiashara wa Bremen wakapiga hesabu yao: zirudi na watu. Mbao zinapigiliwa misumari chini ya sitaha, vinakuwa vitanda. Wakishuka abiria, zinang'olewa, tumbaku inapakiwa palepale. Wametengeneza mfano wake, nikaingia. Giza, kichwa kinagusa dari, kitanda kimoja cha familia nzima, ndoo ya haja iko hapohapo. Fikiria wiki sita mpaka kumi na mbili hivyo, na bahari imechafuka! Mwaka 1832 Bremen ilitunga sheria: mwenye meli aandike majina ya abiria, abebe chakula cha siku 90, na chombo kiwe kizima. Huruma ilikuwepo labda, lakini biashara ilikuwepo zaidi. Msafiri akisikia Bremen watu hawafi njaa, hatakwenda kupandia Le Havre, bandari ya Ufaransa.

Kule New York, kisiwani Ellis, kituo cha kupokelea wahamiaji kilichofunguliwa 1892, daktari anakugeuza kope kwa kikulabu cha kufungia vifungo vya viatu, anatafuta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Ukionekana unayo, unarudishwa kwa gharama ya kampuni ya meli. Nilikumbuka foleni yangu ya viza nikanyamaza.

Kilichowavuta hasa ni barua. Ndugu akiandika kutoka Wisconsin au Missouri huko Marekani, inasomwa kwa sauti, majirani wamejaa ukumbini. Wengine waliweka na tiketi iliyokwisha lipiwa. Sasa niambie, nani anaandika nyumbani kwamba ameshindwa?

Na sisi tumo ndani ya hadithi hii. Mwaka 1879 Friedrich Fabri, mtu wa misheni, aliandika kwamba Ujerumani inawapoteza watu wake, bora itafute makoloni ya kuwapeleka. Mwaka 1884 Carl Peters, Mjerumani mwenye uchu wa makoloni, akatua Saadani, pwani yetu, na mikataba yake ya ulaghai. Lakini wahamaji wenyewe hawakuitika. Miaka hiyo ya 1880 pekee zaidi ya milioni moja walikwenda Marekani. Waliokuja kwetu, mpaka utawala wao unakwisha, ni elfu chache tu. Babu zetu walinyang'anywa ardhi kwa ajili ya watu ambao wala hawakutaka kuja.

Haya, kuhusu Zuhura kutaka kuja huku kwa mafunzo ya uuguzi. Kozi ni nzuri na mshahara wa mwanafunzi unalipwa kweli, hilo sikufichi. Ila Kijerumani asome mpaka ngazi ya B2 hukohuko. Wapo wanaokubali B1, ngazi ya chini yake, lakini wodini mgonjwa mzee anaongea lahaja yake na utaumbuka. Baridi atazoea; upweke wa Jumapili, maduka yamefungwa na hakuna anayekubishia hodi, huo mimi mpaka leo unanishinda. Huyo dalali anayedai pesa asipewe hata shilingi kwanza. Nitumie mkataba kwa WhatsApp, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo.

Bi mkubwa nisalimie sana, mwambie ile dawa ya magoti nimeshaipata.

Wako,
Mama Fahmi